Kabla ya kuota gesti ya Ulaya, lala kwanza Busia na Malaba

Tuambiane ukweli. Kwenye simu yako kuna picha ya nyumba ndogo ya wageni katika mji fulani wa kale huko Ulaya. Dirisha la mbao, ngazi nyembamba, kitanda cha chuma, barabara ya mawe pale chini, na maelezo kwamba nyumba hiyo imekuwa ikipokea wasafiri tangu enzi za babu wa babu. Uliihifadhi picha hiyo ukajiambia, "Siku moja." Kisha ukaangalia salio la M-Pesa, ukacheka peke yako, ukaendelea na maisha.

Kuota si hatia. Ila kuna nyumba zilizofanya kazi hiyohiyo hapa kwetu, na unaweza kuzifikia kwa nauli ya basi la usiku. Ziko Busia na Malaba, pale Kenya inapokwisha na Uganda inapoanza. Hakuna anayeziita za kihistoria. Tunaziita loji, tena kwa sauti ya chini, na ukiwaambia marafiki kwamba umelala loji mpakani, mmoja lazima akukonyeze.

Mwache akonyeze. Wewe funga begi mapema, maana gesti hizi ndogo zina shida ambayo wenye picha ile ya Ulaya waliipitia zamani, na si zote zitakazopona.

Nyumba iliyozaliwa na foleni

Nyumba nyingi za wageni za Ulaya ya kale hazikujengwa kwa ajili ya watalii. Zilijengwa kwa sababu farasi huchoka. Magari ya kukokotwa yalisimama, farasi wakabadilishwa, abiria wakala, wakalala, wakaamka na safari. Mtaa wa Southwark jijini London, karibu na daraja la kuingilia mji, ulijaa nyumba za aina hiyo. Mojawapo ni The George, iliyojengwa upya mwaka 1677 baada ya moto. Wateja wake walikuwa watu wa barabarani: wachukuzi, wafanyabiashara, wenye vumbi hadi kwenye nyusi.

Halafu reli ikaja katika karne ya 19. Aliyekuwa akisafiri kwa siku mbili akaanza kusafiri kwa saa chache, na hakuhitaji tena kulala njiani. Nyumba zile zikakosa kazi moja baada ya nyingine. The George yenyewe ilibomolewa sehemu kubwa mwaka 1889, na kampuni ya reli ndiyo iliyoibomoa. Upande uliobaki ulikabidhiwa shirika la hifadhi, National Trust, mwaka 1937. Leo watu huvuka bahari kwenda kuupiga picha, kwa kuwa London nzima haina nyingine ya namna yake yenye roshani zile za mbao.

Sasa isome tena hadithi hiyo, ukiweka trela mahali pa farasi.

Malaba ipo kwenye barabara kuu inayotoka Mombasa, ikapita Nairobi, Nakuru, Eldoret na Bungoma, ikaingia Uganda na kuendelea hadi Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Congo. Busia nayo inapokea njia ya Kisumu, inayopitia Maseno, Ugunja na Bumala. Kwa miaka mingi dereva aliyefika mpakani alijua kwamba hapo atakaa. Karatasi zikaguliwe upande wa Kenya, kisha avuke, zikaguliwe upya upande wa Uganda. Kulala usiku mmoja ilikuwa bahati. Wengine walikaa siku kadhaa.

Mtu anayesubiri siku kadhaa anahitaji kitanda, maji ya moto, chai, wa kumfulia shati na mahali salama pa kuegesha gari. Ndipo wenyeji wakajenga. Huo ndio mtaji wa gesti ya mpakani: muda wa mtu mwingine aliyekwama.

Ramani moja, vyumba vingi

Gesti ya zamani ya hapa utaitambua bila kuuliza. Mbele inatazama barabara, ina kibaraza, na pembeni kuna duka au hoteli ya chai na chapati. Unapita kwenye kijia chembamba, unatokea uani. Vyumba vimeuzunguka ua huo, milango inatazamana, kamba za nguo zimepita katikati, na kuna mfereji ambao kila mtu anaujua kwa tabia zake. Juu ni mabati. Mvua ya jioni ya ukanda huu wa Ziwa Victoria ikianza, mazungumzo yote husimama, hata ugomvi.

Usitarajie shuka zenye nembo. Tarajia kitanda, meza, ndoo, sabuni ndogo iliyofungwa kwenye karatasi, na kandambili ambazo miguu mingi imezijua kabla ya yako. Gesti nyingi siku hizi zina vyumba vyenye choo na bafu ndani, lakini vya nje bado vipo kwa bei nafuu.

Kabla hujalipa, fanya haya bila aibu. Omba kuona chumba. Jaribu kufuli na komeo la ndani. Angalia kama dirisha linafungika. Uliza kama chandarua kipo na hakijatoboka, maana Busia imo katika ukanda wenye malaria nyingi na mbu wa hapa hawana dharau kwa mtu wa Nairobi. Uliza lango hufungwa saa ngapi na nani hulala zamu. Kama wewe ni binti unayesafiri peke yako, chagua nyumba ambayo mwenyewe anaishi hapohapo, mara nyingi mama fulani anayejulikana mtaa mzima, na umtumie mtu wa nyumbani jina la gesti kabla hujazima simu. Ukihisi mahali hapaeleweki, ondoka. Gesti nyingine iko hatua ishirini mbele.

Kisha utaletewa daftari.

Hilo daftari ni kitu. Limechakaa pembeni, limechorwa mistari kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, unatoka wapi, unakwenda wapi, sahihi. Usianze kusoma majina ya watu. Hayo ni yao na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 iko upande wao. Lakini hebu fikiria safu mbili tu, ile ya "unatoka wapi" na ile ya "unakwenda wapi". Mombasa, Kampala. Eldoret, Juba. Kigali, Nairobi. Mstari juu ya mstari, mwaka juu ya mwaka. Mfanyabiashara wa mitumba, mwalimu anayekwenda msibani, dereva wa mafuta, msichana anayeanza chuo upande wa pili. Ukitaka kujua Afrika Mashariki ilikuwa ikiishi vipi kabla ya viongozi kutia sahihi mikataba, daftari la loji ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mstari ulioletwa kwa kalamu

Asubuhi toka nje ukanywe chai kibarazani. Sikiliza. "Mulembe," anasalimu mmoja, huyo ni Mluhya, labda Msamia. "Yoga," anajibu mwingine, huyo ni Mteso. Kiganda kinapita, Kiswahili kinaunganisha, Kidholuo kinadokeza bei ya samaki. Halafu jiulize hawa ni wa nchi gani. Huwezi kujua kwa macho, na mara nyingi hata wao wana jamaa pande zote mbili.

Sababu ni kwamba watu walikuwa hapa kabla ya mpaka. Hadi mwaka 1902, sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa Uganda, na mpaka ulikuwa huko kwa Naivasha. Mwaka huo Waingereza walihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia upande huu. Mwaka 1926 wakatoa amri rasmi iliyoeleza mpaka huo kwa maandishi, ukaenda na mito na vilima kama walivyoona inafaa. Wateso, Wasamia na Wabukusu wakaamka wana shemeji ng'ambo, shangazi ng'ambo, na wengine shamba ng'ambo.

Februari 1976 Idi Amin alijaribu kuirudisha kalamu ile nyuma, akadai kwamba eneo kubwa la magharibi ya Kenya lilikuwa mali ya Uganda. Nchi mbili zikatunishiana misuli. Kwa watu wa mpakani hayo hayakuwa maneno ya redio tu. Ilikuwa ni kujua kama kesho utaweza kwenda kumzika mjomba.

Na mpaka huu uliwapa Waafrika Mashariki neno unalolitumia kila siku. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda hapa Busia kulikuwa na kipande ambacho gari la abiria halikupita na mzigo ulikuwa mzito kubeba kichwani. Vijana wenye baiskeli wakaanza kuwabeba watu kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakiwaita kwa jina la Kiingereza la mpaka, lililogeuka mdomoni likawa boda, boda boda. Miaka ya magendo ya kahawa enzi za Amin ikawapa kazi zaidi. Baiskeli ikawa pikipiki, jina likabaki, likaenea hadi mijini kote. Kwa hivyo ukimwita boda mbele ya loji yako asubuhi hiyo, jua umefika kwao kabisa.

Malaba, mahali pa kusubiri

Kutoka Busia hadi Malaba ni takriban kilomita 30. Matatu itakupitisha Alupe, penye chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2022, halafu mashamba ya muhogo na mtama, halafu ghafla utaona malori. Hapo umefika.

Malaba ni mji wa kelele nyingine. Busia ni soko. Watu wanavuka na mafurushi, vibanda vya kubadilisha pesa vimejaa noti za nchi mbili, na kitenge kinapimwa kwa mkono. Malaba ni breki za hewa. Mto Malaba unapita chini, na reli inavuka. Njia hiyo ya reli kutoka Nakuru na Eldoret ilifika Kampala mwaka 1931, na mpaka leo treni za mizigo huitumia. Lala karibu nayo na utaisikia kupitia miguu ya kitanda kabla masikio hayajaisikia.

Gesti za hapa zimeona mengi. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliochafuka, maelfu ya Wakenya walivuka Malaba na Busia wakawa wakimbizi upande wa Uganda, baadhi wakahifadhiwa Mulanda karibu na Tororo. Sisi, tuliozoea kupokea wakimbizi, tukapokewa. Mwaka 2020, corona ilipoingia na kila dereva akalazimika kupimwa, foleni ya malori ilirudi nyuma kwa makumi ya kilomita kutoka Malaba. Madereva walilala ndani ya gari kwa siku nyingi. Walipikia pembeni mwa barabara. Baadhi ya wenyeji waliwaogopa kama ugonjwa wenyewe, ilhali hao ndio waliokuwa wakipeleka chakula, mafuta na dawa kwa nchi tano.

Ukikaa jioni na madereva wakubwa kwa umri, usiwaulize kuhusu "maisha ya barabarani" kama unayerekodi video. Wasalimu kwanza, waite mzee, agiza chai. Uliza walianza kupita hapa mwaka gani. Kisha nyamaza, wenyewe watakupeleka.

Chakula? Usitafute pizza. Kula ugali wa wimbi na muhogo, mweusi na mzito, na samaki wa ziwani waliotoka upande wa Port Victoria na Sio Port. Asubuhi kula rolex, ile chapati iliyokunjiwa mayai, ambayo Uganda inajivunia kama wimbo wa taifa. Na kama umetimiza miaka 18 na umealikwa, unaweza kuona wazee wa Kiteso wamezunguka chungu kimoja cha ajon, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kaa nao hata kama hunywi.

Siku ukiwa na nafasi, nenda Kakapel, kwenye vilima vya Teso Kaskazini. Kuna mwamba wenye michoro ya kale ambao ni mnara wa kitaifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wanaakiolojia waliochimba pango hilo walitangaza mwaka 2024 kwamba walipata punje ya kunde yenye umri wa miaka ipatayo 2,300, miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi wa kilimo katika Afrika Mashariki. Wimbi nao ulionekana hapo, wa miaka elfu moja hivi. Kwa maneno mengine, ule wimbi uliokula jana hotelini kando ya loji ni wa zamani kuliko kuta nyingi za Ulaya unazozihifadhi kwenye simu.

Haraka ya mpaka, njaa ya gesti

Sasa tuje kwenye shida niliyokudokezea mwanzoni.

Mpaka umekuwa mwepesi. Tangu mwaka 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo gari linasimama mara moja tu, upande linakoingia, na maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Malaba inafanya kazi hivyohivyo. Karatasi nyingi zinamalizwa kwenye kompyuta kabla lori halijafika. Siku mambo yakienda sawa, dereva anavuka kwa saa chache na kulala mbele zaidi.

Hiyo ni habari njema. Hakuna mtu mwenye akili atakayetaka madereva warudi kukwama siku nne ili mtu auze maharagwe. Bei ya bidhaa inategemea kasi hiyo, hata bei ya simu uliyoshika.

Lakini kila saa iliyookolewa kwa dereva imetoka kwenye chumba cha mtu. Mama mwenye vyumba kumi na viwili uani ndiye anayeihisi. Mfuaji shuka, muuza chai wa alfajiri, kijana wa kulinda magari usiku, wote walikuwa wakila kwa foleni ile. Foleni ikirudi kwa sababu ya mgomo au mtandao kukwama, wanapata. Ikiisha, wanahesabu funguo zinazoning'inia ukutani. Tena kuna mpango wa reli ya SGR kufika Malaba, uliozungumzwa kwa miaka. Ikifika kweli, shehena nyingi itapita bila hata kugusa lami.

Wenye mtaji hubomoa, wakajenga hoteli ya ghorofa yenye vioo vya buluu. Wasio nao hugeuza vyumba kuwa vya kupangisha kwa mwezi. Wengine hufunga. Na daftari? Likijaa hutupwa, au hutumika kuwashia jiko.

Pwani waliliona hili mapema. Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Zanzibar tangu 2000 na Lamu tangu 2001, na nyingi zimekuwa nyumba za wageni. Hilo limekuja na matatizo yake, bei zikiwamo, lakini angalau mtu akitaka kubomoa ukuta kuna anayeuliza. Busia na Malaba hakuna anayeuliza. Hazina milango ya kuchongwa. Zina mabati, kibaraza na ua. Urithi wake ni wa watu wa kawaida waliokuwa safarini, na huo ndio tunaoupoteza kwa urahisi zaidi kwa sababu haupendezi kwenye picha.

Wewe hutaiokoa gesti kwa kulala usiku mmoja. Ila kaunti inaweza kuorodhesha majengo yake ya zamani. Wanafunzi wa Alupe wanaweza kuwahoji wenye nyumba hizi wangali hai. Wenyewe wanaweza kupaka rangi, kuweka chandarua kizima, na kutundika ukutani karatasi moja inayosema nyumba ilijengwa lini na nani. Na vijana wa mijini wenye wikendi ndefu na pesa kiasi wanaweza kuwa aina mpya ya mgeni: yule ambaye hajakwama, aliyekuja kwa kupenda.

Kwa hivyo mgeni wa namna hiyo akae vipi? Lipa bei uliyotajiwa ukiona ni ya haki, usibishane kwa shilingi hamsini kisha ukanunue kahawa ya mia nne ukirudi mjini. Usipige picha ya mtu uani bila ruhusa. Wengine wana sababu zao za kuwa hapo na hazikuhusu. Ukivuka Uganda pitia dirisha la uhamiaji, usifuate njia za panya hata ukiambiwa ni fiti. Beba kitambulisho, na uliza mapema kama kadi ya chanjo ya homa ya manjano inahitajika. Badilisha pesa mchana, hesabu noti mbele ya aliyekupa, maana noti za Uganda zina sufuri nyingi na sufuri hulewesha.

Na ukiletewa daftari, lijaze lote kwa mwandiko unaosomeka. Kwenye safu ya "unatoka wapi" andika mtaa wako. Kwenye ile ya "unakwenda wapi", ambayo kwa miaka yote imejazwa Kampala, Kigali na Juba, andika Malaba, au Busia. Mwenye gesti atakuangalia mara mbili. Kisha atakuuliza kama utakunywa chai.